Mtu wa Kuwasha Moto

Jumatatu ya kwanza ya Machi, kiti cha wateja mbele ya meza ya Alumita kilikutwa kimelowa. Maji hayakuwa ya kumwagika, hapana. Ungedhani mtu ametoka mtoni na nguo zake, akakaa pale saa nzima, kisha akaondoka. Ukikibonyeza kile kiti, kinatema maji ya rangi ya chai. Mlinzi, Mzee Permal, alikibeba akakianika uani, na jua la Labasa, huku kwetu Fiji, mnalijua, halina simile. Kufika saa sita kiti kilikuwa kimekauka kabisa wakakirudisha mahali pake. Saa tisa alasiri kiti kimelowa tena.

"Paa linavuja," alisema Vasiti, mkuu wa tawi, bila kuinua macho kwenye makaratasi yake.

Watu wote wanne waliokuwa ofisini wakatazama juu. Dari nyeupe, kavu, haina hata doa.

"Linavuja bila mvua, bosi?" aliuliza Emosi, dereva. "Basi hiyo teknolojia mpya, wametuletea kutoka makao makuu Suva."

Wakacheka. Hata Alumita alicheka, akachukua gazeti la jana akalitandika kwenye kiti, akaita mteja mwingine.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya Shirika la Ustawi wa Biashara, mali ya serikali, tawi la kaskazini. Kazi yake kukuza uchumi wa nchi, na ukitaka kujua maana yake, maana yake ni foleni. Mama anataka mashine ya kukamua mafuta ya nazi, kijana anataka kufuga nyuki, mwenye shamba la miwa anatafuta watu sita wa kuvuna. Wote wanachukua namba mlangoni, wanajaza fomu, wanaketi mbele ya ofisa na kueleza shida zao. Wakitoka hapo wengine wamepata walichotaka na wengine wamepata kalenda.

Vasiti aliendesha tawi lile kwa miaka tisa, na hodari alikuwa hodari. Lakini alikuwa na tabia moja: hafanyi jambo moja kwa wakati mmoja. Anasaini huku anaongea na simu, na simu ameibana kwa bega, na mkono mwingine unaonyesha watu pa kwenda. Aliishi hivyo tangu ana miaka ishirini na mbili, mama yao alipofariki akamwachia mdogo wake Alumita, mtoto wa miaka minne. Hakuolewa. Alimlea, akamsomesha, akamfunga nywele kila asubuhi mpaka msichana mwenyewe akaomba aachwe afunge. Siku Alumita alipofaulu usaili wa kazi pale ofisini, Vasiti alijifungia chooni akalia kwa furaha, akatoka amenawa uso. Ukimuuliza ana nini duniani, atakwambia ana mdogo wake, basi.

Jumanne ikaja harufu. Ilikuwa ya matope ya bonde la magimbi, ile ya maji yaliyotuama na majani yanayooza, na ndani yake kuna moshi, lakini moshi wa kuni zisizotaka kuwaka. Wakafungua madirisha yote. Wakamwaga dawa ya sakafu. Mteja mmoja, mama wa Kihindi aliyekuja kwa habari za cherehani, aliziba pua akamwambia Alumita, "Mwanangu, kuna kitu kimekufa chini ya meza yako." Emosi akalala kifudifudi kutazama. Hakukuwa na kitu.

Jumatano saa tisa kamili wakasikia makofi.

Kwetu mtu akipokea mzigo wa yangona, ile mizizi tunayotwanga na kunywa, hupiga makofi ya heshima. Viganja unavikunja, mlio unatoka mzito, wa ndani. Mtoto wa miaka mitatu wa Fiji anaujua mlio huo. Basi ukasikika mle ukumbini, mara tatu, polepole, kutoka kwenye viti vya kusubiria, na kwenye viti vile hakuwa ameketi mtu yeyote.

"Nakuja," alisema Alumita.

Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyeitwa jikoni. Akainuka, akaacha kalamu ikiviringika, akatembea hadi mlangoni. Mzee Permal alikuwa amesimama pale. Akanyoosha mikono yote miwili kuziba njia.

"Unakwenda wapi, binti?"

Alumita alimtazama, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Hakuwa na viatu. Miguu ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, na nyuma yake, kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile, hapakuwa na alama hata moja.

"Sijui," alisema, akaanza kulia.

Vasiti alimshika akamwingiza katika chumba chake cha kazi, akafunga mlango. Akamkalisha. Ndipo alipoiona ile mikono. Viganja vilikuwa vyeusi kwa masizi, na vidole vimefanya malengelenge.

"Alumita! Umeungua na nini?"

"Kuni zake mbichi, dada. Haziwaki." Msichana aliongea kwa kunong'ona, meno yakigongana, na nje joto lilikuwa la kuyeyusha lami. "Napuliza, napuliza, haziwaki. Na wenyewe wanasema wana baridi."

"Kuni za nani? Wenyewe nani?"

"Za yule mzee wa Nubuniura. Si ulimkubalia mwenyewe?"

Vasiti akataka kusema hapana, lakini kichwani mwake kitu kilianza kusogea. Wiki tatu nyuma, siku ya Ijumaa. Yeye yuko wima katikati ya ofisi, simu begani, makao makuu wanamtaka ataje tawi lake limewapatia kazi watu wangapi tangu mwaka uanze, na anataja, na wanambishia. Mzee mmoja akaingia bila kuchukua namba. Shuka kiunoni, mguu peku, amelowa, akachuchumaa mbele yake akaweka mzigo wa yangona chini kwa mikono miwili, akaanza kusema. Wateja wa vijijini hufanya hivyo. Kanuni za serikali zinakataza zawadi, lakini nani atamrudishia mzee yangona yake mbele za watu? Anasema maneno yake, unagusa mzigo, unapiga makofi, umemaliza. Mzee alisema maneno mengi, kwa sauti ya chini, na Vasiti alikuwa anasikiliza Suva. Alipoona midomo ya mzee imetulia akainama, akaugusa mzigo, akapiga makofi, viganja vimekunjwa, mara tatu. Kisha akaonyesha kwa kidevu meza ya Alumita, akasema, "Mchukue huyu, ni mdogo wangu. Atakutimizia kila kitu." Akarudi kwenye simu yake.

Ninyi wenyewe mnajua. Ukishagusa na kupiga makofi, umekubali kilichoombwa, hata kama kilichoombwa ni macho yako. Ndiyo maana watu wenye akili husikiliza kwanza.

Akatoka kwenda kwenye kabati la faili. Emosi akaja kumsaidia kutafuta. Fomu ilikuwepo, imejazwa kwa mwandiko mzuri wa Alumita. Makazi: Nubuniura, juu mtoni. Aina ya mradi: kufufua kijiji. Idadi ya wafanyakazi wanaohitajika: mmoja. Maelezo ya kazi: mtu wa kuwasha moto na kukaa nao. Muda: na hapo Alumita alikuwa ameandika maneno aliyopewa, bila shaka akitabasamu, kwamba hakuna mwisho. Chini kabisa: ombi limekubaliwa na mkuu wa tawi. Na saini ya Vasiti ilikuwepo, kwa wino wa buluu, maana fomu ile iliingia kwenye rundo la Jumatatu naye alisaini rundo zima akiwa anaongea na simu.

"Bosi," Emosi alinong'ona. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Hii Nubuniura iko wapi? Mimi nimezunguka kaskazini yote na gari hili. Sijapata kuiona."

Aliyejibu ni Mzee Permal, kutoka mlangoni.

"Hutaiona. Baba yangu alikuwa akikata miwa ng'ambo ya pili ya mto, alikuwa akitusimulia. Mwaka wa kimbunga kikubwa, kabla mimi sijazaliwa, mlima ulishuka mchana na mto ukapanda, ukawakuta wote nyumbani. Hakutoka mtu. Hata mbwa hakutoka. Baba akipita na ng'ombe zake karibu na pale alikuwa anatuziba masikio."

"Kwa nini masikio?"

Mzee Permal alitoka akaenda kusimama kwenye jua.

Kesho yake Alumita hakuweza kwenda kazini. Homa haikuwa homa: mwili baridi, midomo ya buluu, na akikohoa anatoa maji ya rangi ya chai. Hospitali walimpima wakampiga picha, wakasema mapafu ni safi, mrudisheni akapumzike. Mchungaji alikuja na wazee wa kanisa wakaomba mpaka sauti zikawakauka, na wakati wanaomba, saa tisa ilipogonga, makofi yakasikika sebuleni pale pale katikati ya amina zao. Alumita akainuka kitandani, akawapita wote, akafika mlangoni ndipo akaanguka. Ijumaa walimfunga kwa shuka kwenye kitanda. Shuka ilikutwa imelowa, fundo liko vilevile, na yeye ameanguka nje kwenye geti. Jumamosi walifunga mlango kwa ufunguo, na madirisha, na Vasiti mwenyewe akamkumbatia kwa nguvu zake zote, amefumba macho, anamwambia niko hapa mdogo wangu, niko hapa, siendi popote, na alipofumbua macho alikuwa amekumbatia blanketi lenye maji. Walimkuta kwenye daraja, robo saa ya mwendo kutoka nyumbani, amesimama kwenye ukingo anatazama mto.

Jumapili asubuhi Vasiti alimleta Bi Kelera.

Bi Kelera alikuwa mama mnene aliyeuza biringani sokoni, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake. Alijua kukanda, alijua majani, na alijua mambo mengine ambayo siku za kanisa hayazungumzwi. Aliushika mkono wa Alumita, akaunusa, akaurudisha chini polepole.

"Huyu ameajiriwa," alisema. "Nani kampeleka?"

"Mimi," alisema Vasiti.

"Uligusa mzigo?"

"Niligusa."

"Ukapiga makofi?"

"Nilipiga, mama. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa na simu."

"Simu!" Bi Kelera alisonya. "Haya, hakuna neno. Mzigo unarudishwa kwa aliyeuleta, unasema nimeshindwa, yanakwisha. Uko wapi?"

Emosi alikuwa ameketi karibu na mlango, akainamisha kichwa.

"Tuliunywa," alisema. "Ijumaa ile ile baada ya kazi, ofisi nzima. Tuliutwanga pale pale uani."

"Mliunywa wote?"

"Wote. Ilikuwa na ladha ya mto, mama. Tukasema labda ni mpya."

Bi Kelera alitazama kitandani. Alipoongea tena ukali ulikuwa umepungua, na hilo ndilo lililomtisha Vasiti kuliko yote.

"Siku ya kwanza hapa nyumbani alifika mlangoni. Ya pili getini. Ya tatu darajani. Leo ni ya nne, mwanangu, na baada ya daraja ni maji. Saa tisa ya leo akiinuka hamtamshika. Kilichobaki ni jino la nyangumi. Unalo?"

Alikuwa nalo moja. Lilikuwa limetundikwa ukutani, la rangi ya siagi, na kamba yake ya katani, waliloletewa siku ya msiba wa mama. Kwetu hakuna kitu kizito kuliko jino la nyangumi. Linaombea mke, linaombea msamaha wa damu.

"Lipeleke kwake, huko huko," alisema Bi Kelera. "Uombe radhi. Hujamtukana, umefanya kibaya zaidi, hukumsikiliza. Na uwe na msemaji wa kiume, afungue maneno kwa utaratibu wake."

Vasiti alitazama huku na huku. Hakuwa na kaka wala mjomba wa karibu. Emosi akakohoa.

"Mimi ukoo wetu ni wa wasemaji, bosi. Babu alikuwa msemaji wa chifu." Uso wake ulikuwa wa majivu. "Maneno nayajua. Sikuwahi kudhani nitayatumia kwa watu wa namna hii, lakini nayajua."

"Emosi, una watoto."

"Na yangona yake nimeinywa. Twende, saa zinakwenda."

Walimwacha Alumita na Bi Kelera na Mzee Permal, wakaondoka na gari la shirika. Walipita mashamba ya miwa, wakavuka reli ya treni ya miwa, lami ikaisha, kokoto zikaisha, njia nayo ikaisha. Wakashuka wakatembea. Saa nane na nusu walikuwa kwenye uwanda ulioota mipera na matete kando ya mto, na ndani ya matete kulikuwa na misingi ya nyumba za zamani, vichuguu vya udongo na mawe, kimoja, viwili, vitano. Vasiti alihesabu mpaka kumi na tisa akaacha. Mvua haikuwa imenyesha wiki mbili. Ardhi ile ilikuwa inachuruzika maji.

Hapakuwa na ndege. Jua liliwaka utosini na hawakulihisi.

Waliketi chini, miguu wameikunja. Emosi akalishika jino kwa mikono miwili, akaanza, na lo, sauti aliyoitoa yule mtani wa ofisi! Aliwasalimu wenye nyumba, aliwaita kwa heshima zao, akasema wamekuja na kichwa chini, wamebeba kosa lao. Vasiti alimtazama akaona fahari katikati ya hofu yake. Kisha katikati ya neno sauti ikakatika. Emosi alibaki mdomo wazi. Na kutoka kwenye kichuguu cha mbele yao yakasikika makofi, matatu, mazito, na kabla hayajaisha yakaitikiwa na kichuguu cha kulia, na cha kushoto, na cha nyuma yao, na vingine vya mbali ndani ya matete ambavyo hawakuviona, yakizunguka na kukaribia mpaka maji yaliyotuama chini yakawa yanatetemeka kwa kila pigo, na ile harufu ya matope na moshi ikawajia kwa mkupuo mmoja ikamjaa Vasiti puani na kooni hata akashindwa kujua kama bado anavuta hewa au anakunywa mto. Ndipo maji yakaanza kutoka mdomoni mwa Emosi, membamba, ya rangi ya chai, yakamchuruzika kidevuni, na pamoja nayo ikatoka sauti ya mzee.

"Jino zuri. Nani alifiwa?"

"Mimi. Mama yangu," alinong'ona Vasiti.

"Pole. Wewe ndiye wa simu."

"Ndiye mimi, baba."

"Nilikwambia majina ya nyumba zote kumi na tisa. Nilikwambia watoto walikuwa wangapi. Miaka yote ile sijapata mtu wa kumwambia, nikasikia kuna ofisi ya serikali inafufua vijiji. Ulisikia jina hata moja?"

"Sikusikia hata moja." Machozi yalimtoka. "Nisamehe, baba. Nilipiga makofi tu. Mdogo wangu hana kosa, ni mtoto, nimemlea mimi mwenyewe. Nakuomba. Nakuomba kwa jino hili unirudishie."

Mikono ya Emosi ilisogea, ikaliinua jino kama mtu anayepokea, ikalilaza kwenye tope. Jino likazama.

"Nimelipokea. Ninyi mmepoteza njia za heshima, sisi hatukuzipoteza. Nimemwachia."

Vasiti akapumua, na akaanza kusema asante, na sauti ikaendelea.

"Sasa niambie, serikali. Moto wetu atauwasha nani?"

Vasiti alitazama tope lililomeza jino.

"Tuna baridi, mama. Mlima uliposhuka majiko yalikuwa yanawaka, tulikuwa tunapika. Wafu hawawashi moto, lazima awashe mtu hai. Mdogo wako namwachia, lakini saa tisa watoto watapiga makofi, na mimi siwezi kuwazuia. Si ubaya. Ni baridi. Wakipiga atakayewasikia atakuja, na anayewajua ni yule."

Vasiti aliangalia saa. Zimebaki dakika nane. Alimwona Alumita wa miaka minne ameshika upindo wa gauni lake la msiba, anauliza tutakula nini. Alimwona ukingoni mwa daraja. Hapakuwa na mtu wa kumpigia simu, hapakuwa na meza nyingine ya kumwelekeza huyu mzee, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa na jambo moja tu la kufanya.

"Niambie tena majina," alisema.

Sauti ikamwambia. Majina kumi na tisa, na majina ya waliokuwa ndani, na alisikiliza yote, moja baada ya jingine, hakukosa hata la mtoto mchanga.

"Umesikia ninachoomba?"

"Nimesikia. Unaomba mtu mmoja wa kuwasha moto na kukaa nanyi. Mwisho hakuna."

"Nani?"

"Mimi."

Akakunja viganja vyake, akapiga makofi mara tatu.

Emosi alianguka, akatapika maji, akainuka akitweta. Simu ilikuwa inalia mfukoni mwake. Akaitoa, na Vasiti alisikia sauti ya Mzee Permal ikipiga kelele za furaha: ameamka, ana joto, ameomba muhogo na samaki wa kopo, anakula, Emosi, anakula!

"Bosi!" Emosi alipiga kelele huku akilia. "Bosi, ameamka! Umesikia? Bosi, uko wapi?"

Vasiti alikuwa mbele yake, umbali wa mkono. Alimwambia niko hapa. Emosi alimpita, akaingia kwenye matete akiita, akarudi, akapita tena karibu kabisa hata bega lake likamgusa, akatetemeka, akavuta kola ya shati lake juu. Aliita mpaka jua likaanza kushuka. Kisha akakimbilia kwenye gari.

Vasiti alipogeuka wenye kijiji walikuwa wameshakaa. Wote, safu kwa safu, kila mmoja mbele ya nyumba yake, nywele zimewaganda usoni, watoto mbele. Walikuwa wanatetemeka tu, na walikuwa wengi, na jiko la kwanza lilikuwa limejaa maji. Alipiga magoti akaanza kuyateka kwa viganja.

Alumita alikuja baada ya siku tatu, akiwa mzima, na Emosi nyuma yake akimsihi warudi. Amekuja kila siku tangu hapo, saa tisa alasiri, anasimama ukingoni mwa matete anaita. Dada! Dada, nijibu, hata neno moja, nisikie tu, nitakuja nikuchukue. Sauti imemkauka. Amekonda. Na Vasiti akiisikia, kila siku watoto wote wale hugeuza vichwa kwa pamoja kuelekea sauti ilipo, wananyoosha shingo, wanangoja ajibu, maana Vasiti akimjibu, Alumita atajua njia ya kuingia.

Vasiti hamjibu. Anauma upindo wa gauni lake, anainama, anapuliza moto.